Mambo ya Jikoni: Mnofu wa Samaki Hautaki Kusumbuliwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitoweo ambacho huiva upesi kuliko ugali wake, yaani mnofu wa samaki mweupe uliokaangwa kwa mafuta kidogo. Wengi hudhani kwamba chakula cha haraka hakihitaji akili. Mimi nami nilidhani hivyo, nikaaibika mbele ya mkwe wangu.

Mimi nilizaliwa karibu na Ziwa Viktoria, nikaolewa milimani, katika nyumba ya wakulima ambao hawakulelewa kwa samaki. Mama mkwe alipokuja kututembelea mara ya kwanza, nilinunua nusu kilo ya minofu ya mbuta, ambaye wengine humwita sangara, ili nimwonjeshe chakula cha kwetu. Nilikuwa nimechelewa kutoka kazini. Niliiosha minofu, nikaitia katika kikaango ingali imelowa, mafuta hayajapata moto, kisha nikaanza kuigeuzageuza kama mtu anayepika mboga. Samaki akatoa maji, akang'ang'ania chuma, akavunjika hata akafanana na uji. Mama alikula ugali na sukuma wiki, akasema kwa upole, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Watoto walimtazama bibi yao, nao wakasukuma sahani zao. Fedha ilipotea, lakini kilichoniuma zaidi ni kuona watoto wangu wakijifunza kukataa chakula cha wajomba zao.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, lakini mafuta ya kukaangia hufika 180 na zaidi. Mnofu ukiwa umelowa, nguvu yote ya moto hutumika kuyakausha maji yale kwanza, na wakati huo samaki hachomwi bali huchemshwa. Hapati rangi wala ganda la nje. Tena nyama ya samaki si kama ya ng'ombe. Ni mafungu mafupi yaliyoshikamanishwa na utando mwembamba, nao huyeyuka kwa moto mdogo tu. Kwa sababu hiyo samaki huiva upesi, na kwa sababu iyo hiyo huvunjika upesi akisumbuliwa.

Sasa fuateni mpango huu. Nusu kilo ya minofu yatosha watu wanne. Chagueni nyama iliyo imara, isiyo na harufu kali, iliyowekwa juu ya barafu. Ikiwa imegandishwa, iacheni iyeyuke usiku kucha ndani ya friji, wala msiitie katika maji ya moto. Si lazima iwe ya mbuta. Ngege afaa, na ndugu zetu wa Mombasa wana tewa wao.

Kausheni kila kipande kwa kitambaa safi, pande zote mbili, mpaka kitambaa kisilowe tena. Tieni chumvi na pilipili manga wakati mnapokaribia kukaanga, kwa maana chumvi ikikaa sana huvuta maji nje. Kisha pakeni unga wa ngano kidogo, mkung'ute unaozidi. Ndimu iwekeni kando, kwani ikikaa juu ya samaki mbichi kwa muda mrefu huibadili nyama kabla haijaona moto.

Pasheni kikaango kwanza, ndipo mtie mafuta vijiko vitatu au vinne vya mezani. Dondosheni chembe ya unga. Ikitoa povu na kulia mara moja, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi mwingi, yamezidi, punguzeni moto. Lazeni kipande polepole kuelekea upande ulio mbali nanyi, mafuta yasiwarukie, na watoto wakae mbali na jiko. Msijaze kikaango, maana vipande vikibanana mafuta hupoa, tukarudi kwenye uji wangu.

Baada ya hapo, acheni! Mnofu wenye unene wa kidole wataka dakika tatu au nne upande wa kwanza. Ukiwa tayari kugeuzwa hujibandua wenyewe. Ukishika, ngojeni kidogo. Geuzeni mara moja tu kwa mwiko bapa, mkaange dakika mbili zaidi. Nyama ikiwa nyeupe mpaka katikati na kuachana ikiguswa kwa uma, imeiva. Ndipo mkamue ndimu, mle ingali moto. Ugali na mboga vitangulie kuwa tayari, kwa sababu samaki huyu hangoji mtu.

Neno moja juu ya mbuta. Hakuwa wa asili katika ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950, akaenea sana katika miaka ya 1980, na Kisumu ikapata viwanda vya kukata minofu ya kupelekwa ng'ambo. Mifupa iliyobaki, inayoitwa mgongo wazi, huuzwa kwa wenyeji. Kwa hiyo wengi wanaokaa karibu na ziwa wameijua mifupa kuliko minofu. Anayepata mnofu asiuharibu kwa pupa, na anayenunua samaki mzima asitupe kichwa na mgongo, maana supu yake ni chakula kamili.

Mama mkwe alirudi kwetu baada ya mavuno. Safari hii nilikausha, nikapasha, nikangoja. Alikula kipande kimoja akanyamaza, akachukua cha pili. Mjukuu wake mdogo alipoona hivyo akanyosha sahani yake. Asubuhi, kabla ya kupanda basi, mama aliniuliza samaki yule huuzwa wapi sokoni.