Msiandike "Baba Hajulikani" Kabla Hamjamtafuta



Hapa Msangeni, mtu akiulizwa yeye ni nani, hutaja baba yake na ukoo wake. Lakini mama asiye na mume aletapo mtoto abatizwe, wako wazee washaurio kwamba mahali pa jina la baba paachwe wazi, kusudi aibu isitirike. Nasema shauri hilo ni baya, maana lamsitiri mwenye kosa na kumwaibisha asiye na kosa.

Na tuwatazame Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Miaka 30 kabla yake, Baraza la Trento liliagiza mapadre waandike vitabuni ndoa za watu na wadhamini wa ubatizo. Kwa hiyo Ureno ina vitabu vingi vya kanisa vya zamani. Humo, mtoto wa nje ya ndoa mara nyingi aliandikwa jina la mama, kisha neno la kwamba baba hajulikani. Je, hakujulikana kweli? Mara nyingi mama alimjua, na majirani walimjua. Ila mwenyewe hakukiri, na padre hakumwandika.

Leo vitukuu na vilembwe wamtafuta mtu huyo kwa taabu. Hutazama wadhamini, huenda mmoja alikuwa ndugu yake. Hutazama ukingo wa karatasi, huenda alirudi kukiri. Hutazama habari za ndoa ya yule mtoto alipokuwa mtu mzima. Hutazama na wasia, huenda mwenye mali alimkumbuka mwanawe alipokaribia kufa. Wako wapatao, na wako wasiopata kamwe.

Mtu atanijibu, "Ukiandika jina, wabariki uzinzi." Sivyo. Kitabu cha ubatizo ni ushuhuda, wala si sifa. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakumficha Tamari, wala mke wa Uria. Mwingine atasema, "Mwanamke aweza kusema uongo." Aweza, na mwanamume vile vile. Basi mwanamume aitwe, aulizwe mbele ya wazee wawili. Akikiri, aandikwe. Akikana, asiandikwe kana kwamba amekiri. Lakini waandikwe babu na bibi wa upande wa mama, na wadhamini, na ukingo uachwe kwa atakayekiri baadaye. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, na mahakama yaweza kuamua kwa kipimo cha vinasaba.

Liko na jambo zito kuliko aibu: kijana asiyejua ukoo wa baba yake aweza kumposa dada yake.

Wahenga walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, sembuse mtoto? Enyi wazee wa kanisa, kalamu i mikononi mwenu. Mtafuteni baba leo, angali hai, mjukuu wake asije akamtafuta kaburini.

Mwalimu, Msangeni