Sahihisheni filamu, msisahihishe jina

Najua nimeadimika. Testi zilinibana, bumu nalo likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Leo nimerudi na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya muvi. Msicheke.

Jumamosi usiku tulijazana chumbani kwetu watu saba, wengine vitandani, wengine wamekalia ndoo, laptopu moja mezani. Tukaangalia mbili za Alfred Hitchcock mfululizo: Psycho ya 1960 na The Birds ya 1963. Zilipoisha ukaanza ubishi ambao mpaka naandika haya haujaisha.

Jamaa wa kitanda cha juu alisema Psycho haitishi kwa sababu haina rangi na damu yenyewe kiduchu. Huyu sina shida naye sana. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia filamu ile ile, karibu picha kwa picha, tena kwa rangi. Aitafute aone kama rangi ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Ugomvi wangu hasa ni na mshikaji wangu wa fasihi. Nilipothubutu kusema Psycho ina kasoro, akanitazama kama nimemtukania mzazi. Eti, "Wewe nani umkosoe Hitchcock?" Haya bwana, najibu hapa, maana kule chumbani hamkunipa nafasi.

Mimi nasomea ualimu. Kazi yangu kesho ni kusahihisha: maksi zinatolewa panapostahili na zinakatwa panapostahili. Basi tusahihishe.

Psycho inatufanya tumfuate Marion Crane, dada aliyeiba dola 40,000. Tunamhurumia, tunaogopa asikamatwe, halafu kabla filamu haijafika katikati anauawa bafuni. Mtu uliyemshika mkono hayupo tena, umebaki peke yako gizani. Hapo nampa maksi zote. Tukio lenyewe la bafuni halifiki dakika moja, lakini lilichukua kama wiki nzima kupigwa picha. Kisu karibu hukioni kikiingia mwilini, na ile damu ni rojo la chokoleti. Vinanda vya Bernard Herrmann vinapiga kelele na kichwa chako mwenyewe kinamalizia kazi. Maksi tena.

Sasa mwishoni anakuja daktari wa akili, anasimama na kutueleza moja baada ya jingine kwa nini Norman Bates yuko vile. Jamani, huyo si ni mwalimu anayetega kitendawili halafu anatoa majibu na maelezo ya majibu! Angefanya hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tungemkata maksi. Hitchcock naye akatwe. Hafi kwa hilo, na filamu inabaki kubwa.

Ila lililoniudhi zaidi lilitokea kwenye The Birds. Kuna tukio la chumba cha juu ambapo ndege wanamvamia Tippi Hedren. Mwenyewe alisimulia kwamba aliahidiwa ndege bandia, lakini siku ilipofika akarushiwa ndege hai, kwa kama siku tano. Mmoja akamkwaruza karibu na jicho. Mwisho daktari akaamuru apumzike. Nilipowaambia hayo, mshikaji wangu akajibu, "Ndiyo maana tukio limetoka safi."

Hapana. Hapo nakataa kabisa. Kama jina la mwongozaji linatufanya tupige makofi mtu akiumizwa, basi hatuangalii tena filamu, tunaabudu. Na ushahidi uko ndani ya filamu hiyo hiyo. Kumbukeni lile tukio la shuleni. Dada amekaa nje anavuta sigara, watoto wanaimba darasani, na nyuma yake kunguru wanatua mmoja mmoja kwenye vyuma vya kuchezea watoto. Anapogeuka, wamejaa. Chumba kizima kilikuwa kimya, hata yule wa kitanda cha juu. Na pale hakuna aliyedonolewa! Kumbe Hitchcock aliweza kututisha bila kumtesa mtu. Kwa hiyo yale mateso hayakuwa kipaji. Kipaji kilikuwepo, na ukatili ulikuwepo, msivichanganye.

Mnasema wakubwa walishaamua, sisi tunyamaze. Wakubwa gani? The Shining ya Stanley Kubrick ilitoka 1980. Tuzo za Razzie, zile wanazopewa walioboronga, zilipoanza mwaka 1981, Kubrick aliteuliwa kwa uongozaji mbovu na Shelley Duvall kwa uigizaji mbovu. Leo filamu ile ile inatajwa kati ya bora kabisa za kutisha, na mwaka 2022 wenye tuzo wakaufuta uteuzi wa Duvall. Miaka 41 baadaye! Uigizaji wake haukubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wasahihishaji.

Sasa niwaambie kwa nini hili linanikera, maana sio muvi tu. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilisahihisha insha za kidato cha pili. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kila siku anapata sita, aliandika kisa cha kuvuka mto usiku. Niliona jina, nikapitisha macho, nikaweka saba juu ya ishirini. Binti anayeongoza darasa nikampa kumi na nane kabla sijafungua ukurasa wa pili. Wiki iliyofuata nikasoma kile kisa cha mto mbele ya darasa, nikitaka kuonyesha makosa. Nilipofika katikati hakuna aliyepiga chafya. Nikamtazama yule kijana, akainamisha kichwa. Nilimbadilishia maksi, ila ile sura yake bado ninayo.

Mtihani wa taifa unaandika namba, huandiki jina. Waliopanga hivyo walitujua. Basi na hizi filamu zipeni namba. Angalia kwanza, tetemeka au usitetemeke, halafu ndio uulize nani kaongoza.

Haya, nasubiri matusi yenu. Jumamosi ijayo ni zamu ya The Shining. Kila mtu aje na ndoo yake ya kukalia.