Paka Aliyeachwa na Marehemu



Matanga yalipokwisha nyumbani kwa jirani yetu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, jamaa walikaa kuhesabu alivyoviacha marehemu. Kilihesabiwa kitanda, kabati, cherahani na masinia ya shaba. Paka hakutajwa na mtu. Alikuwa amekaa barazani akimtazama kila apitaye, na jioni ile mlango ulipotiwa kufuli, alibaki nje.

Tulimchukua sisi. Hatukumchukua kwa mapenzi ya paka, bali kwa haki ya ujirani, kwani mkono uliokuwa ukimlisha ndio uliokuwa ukituletea futari kila Ramadhani. Wiki hii twapenda kuwasimulia dada zetu tuliyojifunza, maana wengi wetu hupokea mnyama aliyekwisha kulelewa na mwengine: jirani amehamia Maskati, binti ameolewa mbali, au mzee amefariki.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Tulimwekea bakuli la maziwa uani, tukamwachia nyumba nzima, tukadhani atazoea. Siku ya tatu hakuonekana. Tulimkuta amelala mbele ya ule mlango uliofungwa, mbavu zake zikihesabika. Mmoja wetu alilia pale pale, wala hakuwa akimlilia paka peke yake.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, naye akatufahamisha kwamba paka hushikamana na mahali kama ashikamanavyo na watu. Mgeni wa namna hii hupewa kwanza chumba kimoja kilichotulia, chenye maji, chakula, mahali pa kujificha, na beseni la mchanga lililowekwa mbali na chakula. Asishikwe kwa nguvu wala asitolewe mvunguni; mtu aketi karibu, aseme naye kwa upole, amwache aje mwenyewe. Akishatulia hufunguliwa vyumba vyengine kidogo kidogo, na asitoke nje kabla ya wiki mbili au tatu, la sivyo atarejea alikotoka.

Jambo la pili ni kuuliza habari zake. Tulimwendea binti wa marehemu, akatuambia kwamba mamake alikuwa akimpa samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, baada ya swala ya alasiri, na kwamba alilala juu ya leso moja kuukuu. Tukamwomba leso ile, tena isiyofuliwa, kwa sababu mnyama hutulizwa na harufu aijuayo. Binti alinyamaza kitambo. Naye pia alikuwa akiitaka, kwa sababu hiyo hiyo. Kisha akakumbuka kuwa leso huwa ni jozi. Akabaki na moja, akatupa ya pili. Usiku ule paka alilala juu yake, na asubuhi tukakuta bakuli ni tupu.

Kuhusu chakula, yafaa tujue kwamba paka mzima akikaa siku mbili bila kula, ini lake huweza kudhurika, basi asingojwe hadi aone njaa. Maziwa ya ng'ombe huwaharibu tumbo paka wengi wakubwa. Maji safi yatosha. Mabaki ya mchuzi yasiwe chakula chake, kwani kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwake, na miiba ya samaki aliyepikwa huweza kumkwama. Tena tusimpe kamwe Panadol kwa kumhurumia: kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa nazo ni hatari kwake.

Kisha kuna usalama wa watu wa nyumbani. Mnyama wa kuachiwa huja bila historia yake yote, kwa hiyo apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, maradhi ambayo hata paka huyapata na kuyaambukiza. Akimng'ata au kumparura mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za maradhi haya zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona.

Mwenye mimba asisafishe beseni la mchanga, kwani kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu viletavyo madhara kwa mtoto aliye tumboni. Mwengine alisafishe kila siku, maana vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Ikiwa hana budi kusafisha mwenyewe, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka: nyama isiyoiva vyema na mboga zisizooshwa huleta maradhi hayo hayo.

Wako watakaouliza kuhusu twahara. Wanavyuoni wamepokea kwamba Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, alikiinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe. Mke wa mwanawe alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume, rehma na amani zimshukie, alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Ama mkojo na kinyesi chake ni najisi, kwa hiyo beseni lisikae karibu na misala, na nguo ikiguswa ioshwe.

Na sote twaijua ile hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Sisi hatukumfunga paka wa jirani yetu. Lakini tulipomkuta mbele ya mlango ule, tulijiuliza iwapo aliyeufunga kwa kufuli na kumsahau aliyeko nje yuko mbali sana na mwanamke yule, na iwapo sisi tuliomtupia bakuli tu tulikuwa mbali zaidi. Hatukuulizana kwa kumlaumu mtu. Nyumba ya msiba ina mengi.

Hii leo paka yule ametimiza miezi mitano kwetu. Bado kila alasiri husimama dirishani akaitazama nyumba ya pili, kisha hurudi akala. Binti wa marehemu huja siku za Ijumaa, hukaa naye ukumbini, na watoto wetu wamejifunza kuwaacha wawili hao peke yao.

Tuna ombi moja kwenu, dada zetu. Ikiwa mama, bibi au shangazi yenu anaishi na paka, kuku wake wawili, au mbuzi wa kumzoea, muulizeni leo, angali mzima, angependa nani amchukue, na mnyama huyo hula nini na huitwaje. Yaandikeni, myaweke pamoja na wasia wake. Mzee hatachukizwa na suala hilo. Wa kwetu marehemu, kwa tulivyoambiwa, alikuwa na wasiwasi huo katika siku zake za mwisho, na hakuna aliyemuuliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana, za watu na za wasioweza kusema. Wabillahi tawfiq.