Msimkopeshe Mvumbuzi

Kuna neno limekaa midomoni mwa wakubwa wetu mpaka halihojiwi tena: pesa ya bure haina uchungu. Utalisikia bungeni, utalisikia benki, utalisikia kwenye semina za vijana. Mpe kijana ruzuku, atanunua simu. Mpe mkopo, atahangaika mpaka alipe. Ndiyo maana kila anayekuja na wazo jipya, liwe la mashine, la mbegu au la programu, anaelekezwa dirisha lile lile la mikopo. Mimi nasema imani hii ni potofu, na imezima vichwa vingi vizuri katika nchi hii.

Mkuranga namfahamu fundi wa kuchomelea aliyehangaika miaka miwili na mashine ya kumenya mihogo. Anayedhani hiyo ni kazi ndogo hajawahi kukaa na akina mama wanaomenya kwa kisu tangu alfajiri, wakijua kwamba muhogo ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu unaanza kuharibika. Ugumu uko kwenye umbo. Hakuna muhogo unaofanana na mwenzake: mmoja mnene kama paja, mwingine mwembamba kama fimbo, wa tatu umejipinda. Fundi alichukua pipa la mafuta, akalitoboa kwa msumari pande zote mpaka ndani likaota meno kama mbuzi ya nazi, akalifunga mota na bomba la maji. Pipa la kwanza lilimenya vizuri mihogo minene, lakini myembamba ikatoka chicha. La pili lilizunguka polepole mno, maganda yakabaki. La tatu lilikuwa bado halijakamilika alipoishiwa. Alikuwa amekopa kwenye taasisi moja ya fedha, ameweka dhamana mashine yake ya kuchomelea na grenda, na marejesho ya kila wiki yalianza kabla pipa la kwanza halijazunguka.

"Dada," aliniambia, "pipa haliingizi hela. Mageti yanaingiza. Nikarudi kwenye mageti."

Uchungu wa mkopo aliupata sawasawa, na uchungu huo ndio uliomtoa kwenye uvumbuzi. Mkopo humsukuma mtu kwenye kipato anachokijua, kwa sababu tarehe ya rejesho haisubiri. Kwa mwenye genge, mfuga kuku au mwenye bodaboda ni jambo jema: hesabu zake zinafahamika tangu mwanzo, kilichopungua ni mtaji. Mvumbuzi hesabu yake haijulikani na mtu yeyote duniani. Anatafuta jibu, na mara nyingi jibu la kwanza ni hapana. Hilo nalo ni mali, maana fundi atakayefuata hatapoteza miezi sita kwenye kosa lile lile. Ila nitajie benki inayopokea jibu la "hapana" kama rejesho.

Wapenzi wa uchungu hupenda kututolea mfano wa Marekani, nchi ya watu waliojitegemea, vijana walioanzia kwenye gereji za wazazi wao. Haya, twende huko huko. Mwaka 1977, Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, kwa msukumo wa ofisa wake Roland Tibbetts, lilianza kutoa ruzuku za utafiti kwa kampuni ndogo. Mwaka 1982 Bunge lao liliugeuza mpango huo kuwa sheria, na aliyeitia saini ni Ronald Reagan, rais aliyejipatia jina kwa kupinga serikali kubwa. Kufikia mwaka 2025 kila idara ya serikali kuu yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka ililazimika kutenga asilimia 3.2 ya fedha hizo kwa ajili ya kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Pesa hairudishwi. Serikali haichukui hisa, na haki ya ubunifu inabaki kwa kampuni. Qualcomm, iliyoanzishwa San Diego mwaka 1985 na ambayo chipu zake zimo ndani ya simu nyingi tunazotembea nazo, ilipata ruzuku hizo ikiwa bado changa.

Na nidhamu je? Ipo, na haitokani na deni. Inatokana na hatua. Awamu ya kwanza hutoa pesa kidogo kwa miezi sita hadi mwaka, kwa swali moja: je, wazo hili linawezekana? Asiyeonyesha kitu hasongi mbele. Aliyeonyesha anaweza kuomba awamu ya pili, pesa nyingi zaidi kwa takribani miaka miwili. Awamu ya tatu, mfuko wa ruzuku unafungwa. Kampuni itafute wateja, na serikali yenyewe inaweza kuwa mmoja wao.

Mtafiti Sabrina Howell alipima ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani kwa njia safi: alilinganisha kampuni zilizopita kwa tundu la sindano na zilizokosa kidogo tu. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa ruzuku ya awamu ya kwanza, dola 150,000, iliongeza takribani mara mbili uwezekano wa kampuni kupata wawekezaji baadaye. Sababu yake imenigusa: pesa ile iliwawezesha kutengeneza kitu cha kwanza kinachofanya kazi. Ni lile lile pipa la tatu.

Sifichi kasoro. Awamu ya pili, Howell hakuikuta na matunda kama hayo, na Marekani ziko kampuni zilizogeuza kuomba ruzuku kuwa ndiyo biashara yenyewe. Dawa yake ni kugawa pesa ndogo kwa wengi na kufunga mlango mapema kwa wasiosonga. Kumrudisha mvumbuzi kwa mkopeshaji hakutibu ugonjwa huo.

Anayeona hayo ni mambo ya Wazungu matajiri, atazame simu yake. M-Pesa ilianza kwa fedha za umma za Uingereza: mfuko wa idara yao ya maendeleo ya kimataifa ulitoa karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaongeza yake. Hata ndani ya kampuni kubwa kama ile, wazo hilo lisingeshindana na miradi yenye faida ya haraka. Majaribio yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, lengo likiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakalitumia watakavyo: huyu anamlipia mwenzake, yule anaweka hela kwenye simu asafiri bila kubeba noti. Wabunifu wakakubali kwamba walikosea lengo, wakageuza huduma, na Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikaizindua Kenya. Nani angewapa nafasi ya kukosea namna ile kwa marejesho ya kila wiki?

Sisi Tanzania tuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iendelee, inafaa kuku na cherehani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ina mfuko wake wa sayansi na teknolojia, lakini hakuna sheria inayoilazimisha kila wizara kutenga fungu kwa ajili ya karakana ndogo. Na sheria ya kwenye karatasi tu haitoshi: Kenya iliandika katika sheria ya mwaka 2013 kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na kiasi hicho hakijawahi kukaribiwa.

Waheshimiwa wabunge, anzeni padogo. Wizara ya Kilimo itangaze tatizo moja tu: mashine ya kumenya mihogo inayoweza kununuliwa na kikundi cha akina mama. Karakana ishirini zipewe miezi sita na pesa ya mabati, mota na chakula cha fundi, bila deni. Kumi na tano zikishindwa, ziandike zilichojifunza. Fundi wangu wa Mkuranga amemaliza deni lake. Pipa la tatu liko nyuma ya karakana, na anasema sasa anajua meno yanatakiwa kukaa vipi.