Elimu ya Umma Isiwe Siri ya Wachache

Wako watu wasemao kwamba kazi ya mtaalamu ni kutafuta elimu tu, na kwamba matokeo ya elimu hiyo ni shauri la watawala. Msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima. Mimi nasema ni neno la hatari, na ushahidi wangu ni Hanford.

Hanford iko katika jimbo la Washington, Marekani, ukingoni mwa Mto Columbia. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilianza kujenga huko vinu vya nyuklia na viwanda vya kemia. Urani ya mradi ule, ambayo sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, ilitiwa vinuni hata kiasi chake kidogo kikageuka plutoni. Kisha ikayeyushwa kwa asidi ili plutoni itengwe. Plutoni hiyo ndiyo iliyokuwamo katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Wafanyakazi maelfu hawakujua walichokuwa wakikitengeneza.

Siri ya vitani yaweza kutetewa. Lakini vita vilikwisha na siri haikwisha. Desemba 1949, wataalamu wa Hanford waliyeyusha urani isiyongojewa ipoe kwa muda wa kawaida, wakaachilia hewani kwa makusudi iodini yenye mionzi, ili wajifunze kutambua moshi wa viwanda vya Urusi. Iodini hiyo hutua majanini, ng'ombe huila, maziwa huichukua mpaka katika tezi ya shingo ya mtoto. Wenyeji hawakuambiwa. Habari zilitolewa hadharani mwaka 1986.

Watetezi watasema siri ilikuwa ngao dhidi ya adui. Nauliza: mtoto anywaye maziwa alikuwa adui wa nani? Watasema tena kwamba elimu ile ilileta manufaa. Ni kweli: mwaka 1946 kinu cha Oak Ridge, Tennessee, kilianza kupeleka vitu vyenye mionzi hospitalini kwa ajili ya uganga. Lakini manufaa yalitangazwa mchana kweupe. Madhara ndiyo yaliyofichwa. Siri ya namna hiyo si ya usalama, ni ya aibu.

Mficha maradhi kilio humfichua. Hanford imeachiwa takataka za sumu na mionzi, lita zipatazo milioni 200, katika matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, na baadhi yake yamevuja. Kizazi kisichoulizwa ndicho kinacholipa gharama ya kuzisafisha.

Ewe mwanafunzi, huenda kesho ukawa mkemia au mhandisi, ukafanya kazi kwa fedha za serikali. Kumbuka kwamba hazina ya serikali hujazwa na kodi ya raia. Alipaye ana haki ya kujua kinunuliwacho, hasa ikiwa kitaingia katika kikombe cha mwanawe. Jifunze kemia kwa bidii. Lakini jifunze pia kuuliza: kazi hii itamgusa nani, naye ameambiwa? Usipopewa jibu, usitie mkono wako.