Nauli Ijulikane Kwanza, Kadi Ije Baadaye

Ndugu zangu wakazi wa Kayole, Umoja, Dandora na Buruburu hapa Nairobi, liko jambo ambalo kila mmoja wetu hulinung'unikia akiwa garini na kulisahau mara ateremkapo, nalo ni nauli. Mtu hulipa asubuhi kiasi anachokifahamu; jioni, kwa matatu ile ile na barabara ile ile ya Jogoo, mawingu yakitanda tu juu ya Muthurwa, makanga hutangaza bei iliyopanda hata maradufu, wala hapana wa kumhoji, maana serikali yetu haiwapangii wenye magari nauli.

Wenzetu wa Dar es Salaam hawatuzidi kwa mali, ila kwao nauli ya daladala hupangwa na mamlaka ya serikali kwa kadiri ya masafa, ikatangazwa hadharani, na mwanafunzi akatengewa yake ya chini. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 baina ya Kimara na Kivukoni, abiria wa njia kuu alijua kuwa atatoa shilingi 650 za Tanzania na mwanafunzi 200, mvua inyeshe isinyeshe. Sisemi kwamba huko ni peponi: makondakta wa daladala huwakwepa wanafunzi kwa ajili ya uchache wa nauli yao, na wako madereva wakatishao njia kabla ya kufika mwisho. Hata hivyo abiria aliyedhulumiwa anayo bei rasmi ya kusimamia katika madai yake, ilhali sisi hatuna.

Mwaka 2014 ulikuwa na ibra kubwa kwa mwenye kuzingatia. Serikali ya Kenya iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Julai matatu zisipokee tena fedha taslimu, bali abiria alipe kwa kadi, na tarehe 6 ya mwezi huo huo mabasi ya London nayo yakaacha kuzipokea. London ilifaulu, kwa kuwa kadi yake ilikuwa imekwisha kutumika zaidi ya miaka 10 na nauli ya basi ilikuwa moja kwa mji mzima. Kigali nayo ilianza kadi mwishoni mwa mwaka 2015, juu ya nauli iliyokwisha kupangwa na mamlaka. Kwetu amri iliahirishwa, ikaahirishwa tena, hata ikasahaulika. Kadi zilikuwa nyingi zisizosomana, na BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity mwaka 2013, ilifungwa mwaka 2015.

Wako wasemao kwamba tulishindwa kwa ujinga wa mitambo. Hayo siyakubali hata kidogo, kwani watu waliokuwa wakitumiana fedha kwa M-Pesa tangu mwaka 2007 hawawezi kushindwa na kadi. Sababu ni kwamba makanga na dereva aghalabu hawana mshahara: hutakiwa kumpelekea tajiri fungu lake kila jioni, na kinachosalia, baada ya mafuta, ada za steji na mikono inayonyoshwa njiani, ndicho chakula cha watoto wao. Kadi ingempa tajiri hesabu yote na kuwaacha hao wawili mikono mitupu. Basi waliipinga, nami siwalaumu sana. Abiria naye hakuona faida, kwa kuwa kadi isiyo na nauli maalumu ni mizani isiyo na mawe.

Kwa hiyo nawasihi wenye magari, kabla hamjatuletea mtambo mwingine, wapeni wafanyakazi wenu mshahara wa mwezi, kisha andikeni nauli mlangoni, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Hata ikiwa ya jioni ni kubwa, maadamu tumeijua tangu nyumbani, tutajipangia. Nasi abiria tuache ajizi ya kupanda kwanza na kuuliza baadaye. Tuulize tukiwa chini, tena kwa sauti, na bei ikigeuzwa njiani tusimwache mmoja agombane peke yake huku sisi tumeinamia simu zetu. Si lazima mji mzima uanze siku moja. Chama kimoja tu cha wenye matatu wa njia ya 58 kikiandika nauli yake na kuishika hata siku ya mvua kubwa, abiria wa Buruburu watayangoja magari yake na kuyaacha mengine yapite matupu, na hapo wenye vyama vya jirani watatafuta rangi na brashi bila kuamriwa na waziri.