Oili Ghali Haizuii Vumbi

Katika gereji za Garissa, ubishi wa oili hauishi. Huyu anaapa kwa Rimula, yule kwa Rubia, na mzee aliyekaa kivulini anawaambia wote wawili kwamba hakuna kama Delo. Ni mazungumzo matamu ya kusubiria gari, ila hayagusi kinachoua injini zetu. Oili hizo zote zina aina za dizeli, na zote, zikiwa halisi na za daraja linaloifaa injini, zitaitunza. Msimamo wetu ni kwamba chapa ni jambo la tatu. La kwanza ni hewa ambayo injini inavuta, la pili ni herufi ndogo zilizo nyuma ya galoni.

Ukiacha lami kuelekea Liboi au Hulugho, unaingia kwenye vumbi jepesi linalobaki hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya filta ya hewa, zinasaga ringi na kuta za silinda, kisha zinateremka kwenye oili na kusambazwa kila mahali pampu inapofika, kuanzia kwenye bering hadi kwenye turbo. Filta ya oili inanasa zile kubwa; ndogo zinazunguka tu. Dalili huja polepole. Gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa buluu, asubuhi linagoma kuwaka, na mwishowe fundi anasema injini ifunguliwe. Mwenye gari analaumu oili.

Na tazama jinsi filta ya hewa inavyosafishwa. Kijana anaichomoa, anaigonga kwenye tairi, kisha anaipeleka kwenye kompresa ileile ya kujazia magurudumu na kuipuliza kwa nguvu zote kutoka nje. Upepo huo unasukuma vumbi ndani ya karatasi na unaweza kuitoboa matundu ambayo jicho halioni. Kule kugonga nako kunapinda ukingo wa mpira, na hewa chafu inapata njia ya pembeni. Ikibidi kupuliza, upepo uwe mdogo na uelekee nje kutoka ndani, na filta itupwe baada ya kufanyiwa hivyo mara chache. Jambo ambalo wengi hawaliamini ni kwamba filta iliyochafuka kidogo hunasa vumbi vizuri kuliko mpya. Kwa hiyo dereva anayeifungua kila jioni, akijiona mwangalifu, ndiye anayeiumiza injini: kila kasha linapofunguliwa, vumbi linadondokea upande uliokuwa safi.

Kipimo ni kidole. Toa filta, pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye kasha kwenda kwenye injini. Kikirudi na vumbi, acha kuulizia oili. Tafuta klipu iliyolegea au mpira uliopasuka. Snokeli husaidia kwa kuvuta hewa ya juu, lakini haichuji kitu. Na kwenye misafara ya Dadaab, gari la pili linakula vumbi la la kwanza, na la tano linakula la yote manne. Magari ya nyuma yanahitaji filta mapema zaidi, hata kama kilomita ni zilezile.

Tuje kwenye herufi. Madaraja ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, hayana fumbo: linaloanza na S ni la injini za petroli, linaloanza na C ni la dizeli. CF lilitoka 1994, CH-4 likaja 1998, CI-4 2002 na CK-4 2016. Galoni iliyoandikwa SL/CF ni oili ya petroli iliyoruhusiwa kwenye dizeli za zamani. Itamfaa mwenye gari dogo la mjini, si mwenye Land Cruiser inayovuta mbuzi, maji na abiria kwenye mchanga. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo, ni mvumilivu kuliko zote, na CI-4 ya 15W-40 inaitosha kabisa. Tatizo lake ni kwamba inataka karibu lita kumi za oili, na hapo ndipo mtu anashawishika kununua ya kupimiwa kutoka kwenye dramu lisilo na jina.

Kisha kuna ule ushauri wa dirishani: "Warya, huku ni joto, weka 40 tupu, ni nzito." Hauna msingi. Oili ikifika nyuzi 100, 15W-40 na 40 tupu ziko kwenye kiwango kimoja cha uzito. Tofauti inaonekana asubuhi injini inapowashwa, ambapo 40 tupu inachelewa kupanda juu, na hizo sekunde za kuwasha zinakula chuma. Joto la Garissa la nyuzi 35 na zaidi halikupi sababu ya kuacha kitabu cha gari. Ndani ya injini yenye thamostati na rejeta nzima, oili ya Garissa na oili ya Limuru haziachani sana. Gari lako likichemka, tengeneza rejeta.

Oili ya dizeli ikiwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, wengi wanadhani wameibiwa. La. Masizi ya dizeli yanaingia kwenye oili, na kazi ya oili nzuri ni kuyashika yaelee badala ya kuyaacha yagande kwenye kuta. Ile inayobaki ya dhahabu wiki nyingi kwenye injini kuukuu ndiyo ya kutiliwa shaka. Kutoka hapo tunaomba jambo moja likome: kumwaga dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini, kuiwasha, na kuita hilo kusafisha. Kiasi fulani hubaki kwenye njia za oili na kuiyeyusha mpya, na matope yanayong'oka ghafla huenda kuziba wavu wa pampu. Injini chafu husafishwa na oili nzuri inayobadilishwa mapema, mara mbili mfululizo, pamoja na filta yake.

Wavu huo una kisa chake. Hilux na Prado nyingi zilizouzwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina injini ya 1KD, lita 3.0, ya D-4D. Wosha za shaba zilizo chini ya injekta zikichoka, moshi wa mlipuko unavujia ndani, unaipika oili iwe lami, na lami inaziba wavu ulio ndani ya sampu. Presha ya oili inaanguka na injini inakufa bila kutoa onyo la maana. Makanika anayejua hubadilisha wosha hizo kabla hazijavuja sana, na akishuku hufungua sampu kuutazama wavu. Ni kazi ya siku moja. Mwenye 1KD aliyenunua oili ya bei kali na hajawahi kuuliza kuhusu wosha hajalinda chochote. Hilux mpya zaidi za GD zilizokuja na kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinataka oili yenye majivu kidogo, kama ya daraja la DL-1 la Japani, nyingine itakiziba.

Dizeli yenyewe imekuwa bora. Mwaka 2015 kiwango cha salfa nchini kilishushwa hadi 50 ppm kutoka 500, na ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, uliowekwa 2018, ulipunguza faida ya wanaoyachanganya na dizeli. Lakini dizeli ya mitungini kando ya barabara haina wa kuidhamini, na pampu ya injekta haisamehe maji wala mafuta ya taa. Oili bandia nayo haijaisha. Nambari ya kibali cha KEBS, shirika la viwango, inaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Fanya hivyo ukiwa bado dukani. Na KEBS ionekane madukani Wajir na Mandera pia, si bandarini Mombasa pekee.

Maneno mengine tunawaelekezea wenye magari mengi kuliko wote: serikali za kaunti, polisi na mashirika. Ambulensi iliyoegeshwa ikiunguruma kwa saa nne ili kiyoyozi kisizime haijatembea hata kilomita moja, lakini oili yake imefanya kazi, na tena kazi mbaya, kwa sababu injini isiyobeba mzigo huunguza dizeli nusunusu na kujaza masizi. Wapo watengenezaji wanaohesabu saa moja ya namna hiyo kuwa zaidi ya kilomita 40. Kusubiri hadi geji isome 5,000 ni kujidanganya. Kila gari la umma liwe na daftari la saa, na oili ibadilishwe kwa saa.

Zabuni nazo ziandikwe upya. Kutaja chapa ni kumpa mtu mmoja biashara. Taja daraja, taja uzito, na uweke filta za hewa na za oili kwenye mstari uleule wa bajeti, kwa sababu oili inayonunuliwa bila filta ni fedha nusu. Mshindi wa zabuni achukue pia oili chafu. Sasa hivi inamwagwa nyuma ya gereji au kupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa, na mvua ikinyesha Garissa njia ya maji ni moja, Mto Tana, ambao mji mzima unaunywa. NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za taka tangu 2006 na kuna sheria ya usimamizi wa taka ya 2022. Kinachokosekana ni dramu lenye mfuniko katika kila gereji ya kaunti na lori la kulichukua. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipengele hivyo viwe kwenye zabuni kabla ya tarehe hiyo.